Fungu la Mtoto Litoke Kwanza
Mwongozo wa lishe ya watoto wadogo kwa wazazi wa Meru na Embu

Mwongozo huu ni wako wewe mama, baba au shosho unayelea mtoto wa chini ya miaka mitano huko Kyeni, Igembe, Tigania, Imenti au Mbeere, mwenye shamba dogo, pengine ng'ombe mmoja, pengine kuku wachache tu. Sitakuagiza ununue vyakula vya supamaketi. Nina neno moja la kukuambia, na mengine yote ni namna ya kulitenda: chakula anachokihitaji mtoto wako mara nyingi kipo hapo bomani, ila hutoka kwenda sokoni kabla yeye hajatengewa fungu lake. Maziwa huondoka alfajiri kwa pikipiki kuelekea kituo cha kukusanyia. Mayai huwekwa kando yauzwe siku ya soko. Ndengu huchukuliwa na madalali wiki ile ile ya mavuno, na mikungu ya ndizi hupakiwa lori ikingali mibichi. Jioni mtoto hupewa kilichobaki, yaani githeri na chai.

Kyeni wameshatuonyesha gharama ya mazoea hayo. Kati ya 1998 na 2001 watafiti wakiongozwa na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Profesa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walifanya kazi katika shule 12 za msingi katika eneo hilo la Embu. Hawakuwa wageni. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamezifuatilia familia za huko, ukame wa 1984 ukiwemo, wakakuta watoto wengi ambao mtu akiwatazama hasemi wana njaa. Walikuwa wanakula. Lakini walikula mahindi na maharagwe siku nenda siku rudi, nyama na maziwa yakiwa haba mno.

Safari hii ya pili watoto wa darasa la kwanza wa shule mbalimbali walipikiwa githeri. Shule nyingine githeri ilitiwa nyama ya kusaga, nyingine ikaja na maziwa, nyingine ikaongezwa mafuta tu. Kundi la nne halikulishwa shuleni, na familia za watoto hao zilipewa mbuzi utafiti ulipokwisha. Zingatia hapa: waliolishwa walipewa vyakula vyenye nguvu inayokaribiana, kwa makusudi, ili kama kutakuwa na tofauti isiwe ya wingi wa chakula. Tofauti ikatokea. Waliotiliwa nyama walipanda zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia picha, misuli ya mikono yao ikajaa, na uwanjani ndio waliochangamka, wakaanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Waliokunywa maziwa, hasa wadogo na waliokuwa wamedumaa, waliongeza kimo. Vitamini B12, ambayo wengi walikuwa wamepungukiwa nayo, ilipanda kwa wa nyama na kwa wa maziwa.

Sababu yenyewe ni rahisi kuielewa. Mahindi na maharagwe yana madini ya chuma na zinki, lakini pia yana faiteti, kitu kinachoyashika madini hayo yasiingie mwilini. B12 haimo kabisa katika mimea. Nyama kidogo huleta B12 na madini yake, na pia huusaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharagwe. Kwa hiyo kumjazia mtoto sahani ya pili ya githeri hakuzibi pengo hilo. Kijiko cha maini au yai moja huliziba kwa kiasi kikubwa.

Watoto wa Kyeni walikuwa na umri wa miaka saba hivi. Wako ni mdogo zaidi, nawe huna muda wa kupoteza, kwa maana kudumaa kwingi hutokea tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Kenya imepiga hatua: mwaka 2014 watoto 26 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 wakawa 18. Bado hao 18 ni wengi mno kwa nchi yenye mashamba kama yetu ya chini ya Mlima Kenya.

Kutenga fungu

Anza na mazao ya jamii ya kunde, kwa sababu hesabu yake unaweza kuifanya siku ya kupura. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipata konzi ndogo ya ndengu, kunde, mbaazi au maharagwe makavu kwa siku, kama gramu 50, gorogoro moja ya kilo mbili itamtosha siku 40. Kwa mwaka anahitaji gorogoro tisa, yaani kilo 18. Katika gunia la kilo 90 hiyo ni sehemu moja ya tano. Kabla dalali hajafungua mizani yake, pima gorogoro tisa kwa kila mtoto, zitie kwenye gunia lake, ulifunge na kuliweka mbali na macho. Ukiuza halafu ukanunue mwezi wa kumi na moja, utanunua kwa bei ambayo wewe mwenyewe hukuipata. Wa Mbeere wanaijua hasara hiyo vizuri kuliko mimi: ndengu huuzwa baada ya mvua fupi kila mtu akiwa nazo, kisha miezi ya kungojea mavuno mapya hufika ghala likiwa tupu.

Maziwa yatengwe kabla ya kupimwa ya kuuza. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, kikombe kimoja kwa siku ni mwanzo mzuri, viwili ni bora zaidi. Kama ng'ombe ni wa watu wengi au huna, fikiria mbuzi wa maziwa. Meru ina historia nzuri nao: tangu 1996 shirika la FARM-Africa lilifanya kazi na wafugaji wa Meru na Tharaka-Nithi kuwachanganya mbuzi wa kienyeji na Toggenburg, na wafugaji wakaunda chama chao cha kuzalisha mbegu hiyo. Mbuzi chotara hula majani ya ukingoni mwa shamba, na maziwa yake ni machache kiasi kwamba si wengi watakaoyapigia hesabu ya kuyapeleka kiwandani. Hilo naliona kuwa faida, maana hubaki nyumbani. Yachemshe siku zote kabla ya kumpa mtoto.

Kuku nao wagawe. Wawili kati ya ulio nao wawe wa mtoto, na mayai yao yasiingie kwenye trei ya kuuza. Wapo wazee wanaosema mtoto akila yai atachelewa kusema. Si kweli. Yai lililoiva vizuri hupewa mtoto tangu akiwa na miezi sita. Shosho akikataa, usishindane naye mbele ya watu. Mwombe awe yeye wa kulimenya na kumlisha mjukuu wake.

Nyama ndiyo wengi husema hawaiwezi. Hapa sharti tuachane na picha ya kilo ya nyama ya Krismasi. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kipande cha ukubwa wa kiberiti kilichochemshwa na kuchambuliwa nyuzi. Maini ni bora kuliko nyama ya kawaida kwa ajili ya damu. Robo kilo ukiigawa vizuri hulisha watoto wawili zaidi ya mara moja, na mara moja au mbili kwa juma yanatosha. Omena ni rahisi kuliko zote: osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta hadi zivunjike, twanga, weka kwenye mkebe mkavu. Kijiko kimoja cha unga huo hutiwa kwenye uji au mboga kila siku. Kwa walio karibu na mabwawa ya Tana, Masinga hadi Kiambere, samaki mbichi wapo. Toa miba yote kwa vidole, usitegemee macho.

Sasa nizungumze na akina baba. Kahawa, majani chai, miraa na muguka vyote huandikwa jina la baba, na pesa zake huingia mfukoni mwa baba. Bonasi ya majani chai hulipwa mara moja kwa mwaka. Ukiipokea, toa ya kuku wanne na ya unga wa omena wa miezi mitatu kabla hujalipa deni lolote lisilo la ada. Kama shamba lako la Igembe ni miraa tupu hadi mlangoni, acha mistari michache karibu na jikoni kwa ajili ya terere, kunde na managu. Miraa huuzwa kila siku, hilo nalijua, lakini bei ikishuka haigeuki kuwa mboga.

Bakuli kwa umri

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, yakiwemo yale mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Maji hayahitajiki, hata kiangazi. Mama anayetoka kuchuma majani chai au kahawa anaweza kukamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Yakiwekwa mahali penye ubaridi mtoto anyweshwe ndani ya saa nne, kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa ya kunyonyea ambayo ni vigumu kuisafisha. Mkewe anaporudi amechoka, mume achote maji na kuwasha moto. Hiyo nayo ni lishe ya mtoto.

Akitimiza miezi sita, anza na vijiko viwili vitatu vya chakula laini, mara mbili kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Kati ya miezi saba na minane, nusu ya bakuli la mililita 250. Kuanzia miezi tisa apewe mara tatu au nne, bakuli likikaribia kujaa, na akitimiza mwaka apate bakuli zima, pamoja na kitu cha katikati kama ndizi mbivu au kipande cha parachichi. Aendelee kunyonya hadi miaka miwili na kuzidi.

Kosa kubwa ninaloliona katika jikoni nyingi ni wepesi wa chakula. Mtoto hupewa maji ya githeri, kwa kuwa punje zenyewe hawezi kuzitafuna, na watu huamini kuwa nguvu imo kwenye mchuzi. Nguvu imebaki sufuriani. Fanya hivi: loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe hadi yaive kabisa. Githeri ya watu wazima ikishaiva, chota bakuli la mtoto ukichagua maharagwe mengi na mahindi machache, menya maganda ya mahindi kwa vidole, kisha ponda yote kwa mgongo wa mwiko pamoja na kiazi au ndizi. Tia majani ya terere au ya malenge yaliyokatwa laini na kupikwa, kijiko kidogo cha mafuta, na kile kijiko cha omena au nyuzi za nyama. Ligeuze bakuli kidogo: chakula kiteleze polepole, kisitiririke. Kikiwa kizito mno kwa mtoto mchanga, punguza kwa maziwa ya mama badala ya maji.

Uji nao upimwe vivyo hivyo. Chota, inua kijiko, uinamishe. Ukimwagika kama chai, ni maji yaliyotiwa rangi. Tumbo la mtoto ni dogo na litajaa kabla hajapata kitu. Na ule unga wa mchanganyiko wa vitu vingi ndani ya gunia moja, mahindi, mtama, wimbi, muhogo, soya mbichi, njugu na omena pamoja, siupendekezi. Soya na omena vinahitaji kuivishwa kwa namna yake kabla ya kusagwa, njugu huharibika upesi, na unga wote huchacha. Saga nafaka moja au mbili, kwa mfano wimbi na mahindi, kisha nyongeza uzitie siku ya kupika: maziwa, unga wa omena, au njugu zilizokaangwa na kutwangwa asubuhi hiyo. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja.

Kila siku mtoto apate angalau aina tano kati ya hizi nane: maziwa ya mama; nafaka, viazi au nduma; jamii ya kunde na njugu; maziwa ya mifugo; nyama, maini au samaki; mayai; mboga za kijani kibichi na vyakula vya rangi ya manjano kama maembe, mapapai, malenge na viazi vitamu vya rangi ya machungwa; na mboga na matunda mengine. Hesabu kwa vidole unapompakulia. Ukifika vitatu tu, tafuta viwili shambani kabla hujaketi.

Chai imekita mizizi kwetu, na naelewa kwa nini, maana tunailima. Lakini chai huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, na mkate na chai asubuhi humfanya mtoto asione haja ya uji. Asinywe chai. Mpe maziwa au maji yaliyochemshwa. Kipande cha chungwa au papai baada ya maharagwe hufanya kinyume cha chai, humsaidia kupata chuma kile.

Ghala, mikono na ukungu

Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini, yaliwaua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo haionekani daima wala haiishi kwa kupika. Anika mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kabla ya kuyahifadhi, tia konzi ya punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata pembeni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Mahindi yaliyooza au kubadilika rangi usiyafiche ndani ya unga wa uji wa mtoto kwa kuona uchungu kuyatupa.

Kuku na mbuzi wana faida zote nilizozitaja, lakini kinyesi chao kikiwa mahali mtoto anapotambaa, atahara, na kuhara kutakula kile ulichomlisha. Weka uzio mdogo, hata wa fito. Nawa kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kulisha na baada ya choo.

Akiugua usimnyime chakula. Mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Akiharisha, chukua kliniki maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, na umalize vidonge hivyo kwa siku zote 10 hadi 14 hata akipona siku ya tatu. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Kliniki, na chama chenu

Kitabu cha afya ya mama na mtoto usikiache kabatini baada ya chanjo. Mpeleke mtoto kila mwezi, na ukifika usikubali apimwe uzito tu. Omba apimwe na urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaoridhisha kwa kimo chake, akaonekana mzima, na mizani isiseme kitu. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, tangu miezi sita hadi atimize miaka mitano. Dawa ya minyoo huanza akiwa na mwaka mmoja. Ukipitwa, ulizia wiki za Malezi Bora, ambazo kwa kawaida huwa Mei na Novemba.

Kama uko katika chama cha akina mama, mwombeni mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu aje na utepe wa kupimia mkono. Ni dakika moja kwa mtoto: kijani ni sentimita 12.5 na kuzidi. Manjano ni tahadhari. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Lakini msimwite aje kuhutubia. Mikutano ya lishe inayokwenda kwa maneno matupu huisha watu wakipiga makofi na kurudi kwenye mchuzi wa githeri. Kila mmoja alete kitu kimoja kutoka shambani mwake, mpike pamoja sufuria moja, mlishe watoto hapo hapo, na waume na mashosho wawepo wakionja. Mama akimwona mtoto wa jirani anamaliza bakuli la terere na omena, hataambiwa tena. Fanyeni hivyo kila mwezi kwa chakula cha msimu huo. Na mchango wa chama, badala ya vikombe na sahani, ununue kuku wa mzunguko: vifaranga wa mmoja wamfikie mwenzake ambaye hana.

Mwisho, dalili ambazo hazingoji. Bonyeza mguu wa mtoto kwa dole gumba kwa muda wa pumzi chache. Shimo likibaki miguu yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo, hata kama mashavu yake ni manene. Utepe ukionyesha nyekundu, akikataa kula na kunyonya kabisa, au akilegea asiweze kuamka vizuri, usingoje siku ya kliniki wala mvua ikatike. Mbebe umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umwambie muuguzi mlangoni kile ulichokiona.